Risasi Ndefu, Msokoto Mlegevu

Tulimzika Sajini Wekesa nje kidogo ya mji wa Bungoma, mchana, kwenye kipande cha shamba la ndugu yake, kwa kuwa shamba lake mwenyewe la Cheptais hakulirudia tena. Wasemaji walikuwa wengi. Mmoja alisema marehemu alikuwa askari mwaminifu, mwingine akasema alikuwa mzee wa kanisa aliyependa kurekebisha viti vilivyovunjika, na jirani mmoja akasimulia jinsi alivyofundishwa naye kuendesha baiskeli. Hakuna aliyetaja kwamba mtu huyu aliwahi kuwa mkufunzi wa kulenga shabaha, wala kwamba ulikuwapo mwaka ambao yeye na mimi hatukuwa na jambo jingine midomoni ila risasi na mtutu. Mimi sikupewa nafasi ya kusema, na sikuiomba. Nilikaa na akina mama waliokuwa wakimenya viazi nyuma ya nyumba, ndipo Mwalimu Simiyu akanijia, mvi tupu siku hizi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nyambura, ile hadithi wamebaki wangapi wanaoijua?" Nikamwambia ni sisi wawili, na Mama Nyongesa. Akamtazama huyo mjane, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka kando ya jeneza. "Yeye anakumbuka mwisho wake tu," akasema. Niliporudi Kitale jioni ile maneno hayo yalikuwa bado yananisumbua. Naandika kwa sababu ya hayo.

Mwaka wenyewe ni elfu mbili na saba. Nilikuwa nimepanga chumba Tuwan, mtaa wa Kitale, ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, na nilikuwa nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka la Mzee Karanja pale mjini. Nguo zangu zote zilinuka dawa ya kupe. Mzee Karanja alikuwa na shamba kupita Kibomet, alilolinunua kwa mzungu mmoja aliyeondoka zamani, na pamoja na shamba alirithi uwanja wa kulenga shabaha: mteremko mrefu wa majani, na mwisho wake tuta kubwa la udongo. Alirithi pia bunduki ya mashindano na klabu ndogo ya watu waliokutana Jumamosi, wengi wao wakulima wenye vibali vya silaha. Mwanzoni nilikuwa napelekwa huko kupika chai. Siku moja mwanachama mmoja alichelewa, Sajini akanitania nilale chini kwenye turubai nijaribu. Nikajaribu. Alikwenda mwenyewe kutazama karatasi kule kwenye tuta, akarudi polepole, akanipa risasi nyingine. Jumamosi iliyofuata chai ilipikwa na mtu mwingine.

Watu wakisikia kulenga shabaha hufikiri ni jicho. Jicho ni sehemu ndogo. Kwa umbali mrefu, ambapo karatasi inaonekana kama stempu ya posta, mlengaji huwa amemaliza kazi yake kabla risasi haijasafiri hata robo ya njia. Yaliyobaki ni kati ya risasi na hewa. Sajini alikuwa fundi wa bunduki jeshini kabla ya kustaafu, na alinifundisha hayo kwa magunzi ya mahindi. Alivunja gunzi moja likawa fupi, lingine akaliacha refu, akayarusha yote mawili uani huku akiyazungusha kwa vidole. Lile fupi lilikwenda sawa, pua mbele, likagonga ukuta wa banda la kuku. Lile refu lilianza vizuri, kisha likayumba, likapinduka, likaanguka ubavu. "Umeona, mama? Ndani ya mtutu kuna mifereji imesokotwa kama sukurubu. Ndiyo inazungusha lisasi. Lisasi fupi inatosheka na msokoto mlegevu. Lisasi ndefu inataka msokoto wa kukaza. Isipoupata, inalala." Alitamka hivyo, lisasi, kama watu wengi wa kwao, na hadi leo neno hilo likinipitia kichwani hupita kwa sauti yake. Akachukua lile gunzi refu, akalirusha tena, kwa nguvu zaidi ya vidole, na safari hii likafika. "Kwa hivyo ni kuzungusha tu," nikasema. Akacheka. "Ni kuzungusha tu, bana. Lakini vidole unaweza kuviongeza nguvu. Mtutu ukishachongwa umechongwa."

Shida yetu yote ya mwaka ule ilikuwa ndani ya maneno hayo. Mtutu wa zamani wa bunduki ya Mzee Karanja ulikuwa umechakaa, na marafiki wa klabu walioko ng'ambo walitutumia mwingine kama zawadi. Ulikuwa mpya, unang'aa, na msokoto wake ulikuwa mlegevu, wa kufaa risasi fupi. Kisha, kabla hatujashangilia vizuri, zikaja risasi, zawadi pia, kutoka kwa watu wengine ambao hawakujua habari za mtutu ule. Zilikuwa risasi ndefu, nzito, nyembamba puani, zile zinazopendwa na walengaji wa mbali kwa sababu upepo hauzisukumi ovyo. Risasi fupi tulizokuwa nazo ziliisha kabla ya Pasaka. Na mwaka ule hakukuwa na kuagiza nyingine. Mlimani, upande wa Cheptais, kulikuwa kumechafuka, vijana walikuwa msituni na silaha, mashamba yalikuwa yakichomwa, na serikali haikuwa tayari kumruhusu mtu yeyote wa upande wetu kuingiza hata ganda la risasi. Mzee Karanja alipiga simu Nairobi mpaka akachoka. "Wananiuliza, ati wewe uko Kitale, za nini?" akatuambia. "Nikisema ni za michezo, wanacheka."

Basi tukajaribu zile ndefu, tukitarajia mabaya. Na haki ya Mungu, kwenye uwanja wa Kitale zilikwenda. Matundu kwenye karatasi yalikuwa mviringo, safi, kama yamekatwa kwa kitoboleo cha fundi wa viatu. Sajini alikuwa hawezi kukaa. Alitembea kutoka kwenye turubai hadi kwenye tuta na kurudi kama mtu aliyepotelewa na kitu. Miezi ile ya mvua nililenga vizuri kuliko nilivyowahi kulenga, na Mzee Karanja akaandikisha jina langu kwenye mashindano ya kuchagua timu ya taifa, ambayo yangefanyika Pwani. Hapo ndipo jambo hili lilipoacha kuwa mchezo. Sajini aliniambia tukiwa tunakula viazi vitamu na chai nyuma ya Land Rover ya Mzee: nikichaguliwa, naye angechukuliwa kuwa mkufunzi, na ukufunzi ule ulikuja na nyumba Nairobi, ndani ya kambi, yenye vyumba vya kutosha familia. "Nitamtoa kijana," akasema. Kijana ni Nyongesa, mtoto wake wa pekee. Familia ilikuwa imeteremka kutoka Cheptais mwanzoni mwa mwaka, baada ya majirani kuchomewa nyumba, ikapanga Bungoma. Nyongesa alikaa nao wiki chache tu, kisha akarudi juu peke yake kulinda mahindi. Baba yake alimwomba, mama yake alilia. Alisema hawezi kukaa kwenye nyumba ya kupanga akila ugali wa mama na shamba linaliwa na watu wengine. Lakini Nairobi, alisema, Nairobi angekwenda. Kule angetafuta kazi awe mtu.

Nilikuwa nikienda na Sajini kwao Bungoma Jumamosi nyingi, mazoezi yakiisha. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, sakafu ya simenti iliyopasuka, na vyombo vyote walivyookoa kutoka Cheptais vilikuwa vimepangwa ukutani kama duka: sufuria, mtungi wa maziwa, kinu, saa ya ukutani isiyokuwa na mkono wa dakika. Mama Nyongesa alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, ambaye hakupenda bunduki hata kidogo. Mzee Karanja alipoipitisha pale ikiwa ndani ya sanduku lake la kufuli, njiani kwenda mashindanoni, mama huyo alikataa isivuke kizingiti. "Hiyo ibaki kwa gari na mwenyewe," alisema. "Hapa ndani tunakula." Na tulikula. Alipika ugali wa wimbi na mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi, mgumu, na kuku aliyekaangwa kwa samli, na mboga ya mrenda iliyotiwa magadi ikateleza kooni bila kutafunwa. Mimi nimelelewa kwa githeri ya mahindi na maharagwe na viazi vya kupondwa, na mara ya kwanza nilimumunya ugali ule kama dawa. Alinicheka mpaka akashika meza. "Nyambura wangu, kula bana! Huyu anataka kushinda watu wa Pwani na shingo kama ya njiwa!" Nilikuwa nikipewa kitanda cha Nyongesa. Ukutani alikuwa amebandika picha za magari zilizokatwa magazetini. Juu ya dirisha kulikuwa na shati lake moja jeupe kwenye kiango, limepigwa pasi, na kila nilipokwenda nililikuta limepigwa pasi upya.

Mwezi wa saba tulialikwa kwenye mashindano ya kirafiki kwenye uwanja mmoja huko Bungoma. Mwalimu Simiyu, ambaye alifundisha fizikia katika shule ya sekondari ya hapo na alikuwa mwanachama wetu, alikaa kwenye handaki la chini ya shabaha kusoma alama. Nilishinda siku ile. Lakini Mwalimu alipotoka kwenye handaki hakuwa akitabasamu. Alikunja ile karatasi, akaileta hadi nyumbani kwa Sajini, akasubiri sahani ziondolewe, kisha akaitandaza mezani. Matundu yangu yalikuwa yamekaribiana vizuri, lakini hayakuwa mviringo. Yalikuwa marefu kidogo, kama mbegu ya boga. "Risasi inafika ikiwa imeinamisha pua," akasema. Sajini alisema ni karatasi mbaya. Mwalimu akatikisa kichwa. Akaeleza pole pole, kama anayejua kwamba anachovunja si hoja tu. Kitale ni juu, hewa yake nyepesi, kwa hiyo inaisukuma risasi kidogo tu, na ule msokoto mlegevu unatosha kwa shida. Bungoma ni chini ya Kitale, hewa imekuwa nzito kidogo, na tayari risasi inayumba. "Na Pwani?" nikauliza, ingawa nilishajua. Mama Nyongesa alisimama mlangoni na sinia mkononi. "Pwani ni usawa wa bahari," Mwalimu akasema. "Hakuna hewa nzito kuliko ile." Sajini akaikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya kitambaa cha meza. Kisha akamuuliza Mwalimu kama ng'ombe wake ameshazaa.

Mchana ule niliambiwa nikapumzike. Nililala kwenye kitanda cha Nyongesa, nikitazama dari la makaratasi lililoachana kidogo na ukuta, na kupitia ule upenyo nikawasikia sebuleni. Walidhani nimelala. Mama Nyongesa alizungumza kwanza. "Alichosema Mwalimu ni kweli?" Sajini akasema, "Ni kweli. Hata mimi niliona tangu asubuhi, nikanyamaza." "Hamwezi kupata hizo fupi?" "Hakuna." "Na huo mtutu hauwezi kubadilishwa?" "Na upi?" Nikasikia kiti kikisogezwa. "Basi Baba Nyongesa, si mseme hamuendi. Mbona mkaaibike mbele ya watu?" Ndipo akajibu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesema kuhusu mvua: "Nikisema hatuendi, Nyongesa atasikia hatuendi. Wacha asikie tunaenda. Labda atateremka kungojea." Baada ya muda nilisikia ufagio wa Mama Nyongesa ukipita sakafuni. Nimekuwa nikijiuliza miaka hii yote kama ningetoka chumbani na kusema nimesikia, lingebadilika nini. Naona hakuna. Tulikuwa watu wanne tunaojua jambo moja, kila mmoja akimfichia mwenzake, na wote tukiendelea kufunga mizigo.

Tulijidanganya kidogo, sikatai. Mwalimu alisema hewa ikipata joto inapungua uzito, kwa hiyo tukipangiwa saa za jua kali, huenda tukapona. Tukaishika hiyo. Katika wiki za mwisho nilikuwa naulizwa na wateja dukani habari za dawa ya minyoo, nami kichwani naomba jua. Sajini alimpigia Nyongesa simu kila Jumapili, siku ambayo kijana alikuja sokoni Cheptais mahali penye mtandao, na mara mbili nilikuwepo. Alimwambia maandalizi ni mazuri. Alimwambia Nyambura halengi, anachora. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikamsikia Nyongesa akicheka: "Niaje huyo dem wa bunduki, ananilipa kodi ya kitanda changu?" Sajini akaniangalia kwa aibu ya mzazi. Kisha kijana akasema kwa sauti nyingine, "Baba, huku mambo si mazuri. Wale wa msituni wanapita kila boma wakiulizia vijana." "Teremka." "Nivune kwanza. Mkipata hiyo kitu ya Nairobi, siku hiyo hiyo nateremka. Nitawaachia hata magunia." "Teremka sasa, Nyongesa." "Wiki mbili tu, baba."

Sitasema mengi kuhusu Pwani, kwa maana niliona kidogo sana. Niliona uwanja, minazi mbali, na mbingu iliyofunikwa. Usiku ulikuwa wa mvua, na asubuhi iliamka na baridi ambayo wenyeji walisema si ya kawaida. Majina yaliposomwa, mimi nilikuwa kundi la kwanza kabisa. Sajini alimwendea msimamizi akaomba tubadilishane na kundi la mchana. Msimamizi, kijana mwenye adabu, akamuuliza sababu. Sajini angesema nini? Kwamba bunduki yetu inafanya kazi Kitale peke yake? Akarudi. "Twende," akasema.

Nilijilaza. Kitako cha bunduki kilikaa begani kama kinavyokaa siku zote. Pumzi ilitulia, moyo ulitulia, na risasi ya kwanza niliifyatua vizuri, jambo ambalo mlengaji hujua kabla hajaambiwa. Tulianzia umbali wa karibu. Sajini alikuwa amelala kando yangu na darubini yake. Nikangoja alama. Haikuja. Kisha bango lenye karatasi likainuliwa: pembeni kabisa mwa karatasi kulikuwa na tundu, na hata mimi kupitia darubini niliona si tundu, ni umbo zima la risasi, pua na kiuno na kitako, limelala ubavu kama mtu kwenye mkeka. Wenzetu upande wa kulia waliacha kuzungumza. "Umefyatua vizuri," Sajini akaniambia. Nikafyatua ya pili. "Vizuri." "Imeenda wapi?" "Haijafika." "Sajini..." "Endelea, mama. Umelala vizuri. Endelea." Tukarudishwa nyuma, umbali wa kati, halafu ule mrefu. Kule kwa mbali hakikuonekana kitu tena. Risasi zilikuwa zinatoka, bega linasukumwa, sauti inakwenda na kurudi, na karatasi nyeupe imesimama pale haijaguswa na yeyote. Hakuna aliyenikataza kuacha, lakini kila nilipotaka kuinuka niliona mkono wa Sajini umeshika risasi nyingine, ameielekeza kwangu. Nilizimaliza zote nilizopangiwa. Mlengaji mmoja kutoka Nairobi, mtu mwema, alikuja baadaye akashika ncha ya risasi yetu moja iliyobaki kwenye mfuko, akaitazama, akautazama mtutu. "Msokoto gani huu?" akauliza. Sajini akamwambia. Yule bwana akapiga mluzi, akasema pole, na kwamba angekuwa na risasi fupi za aina ile angetupa, lakini bunduki yake ilikuwa ya kipimo kingine. Alisema kwa dhati. Sajini akamshukuru na kumuuliza habari za watoto wake.

Jua lilitoka saa sita. Lilikuwa kali mno. Hata hilo nadhani lisingetusaidia, lakini Sajini alivua kofia akasimama juani kwa muda mrefu, uso juu, macho amefumba, na sikuweza kumsogelea.

Jumapili ile alipiga simu tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya gesti. Alisema, "Tumeshindwa, kijana wangu." Nyongesa akasema, kwa upole ambao sikuutarajia, "Si neno, baba. Mmejaribu. Huyo Nyambura asilie." Nilikuwa nalia kweli, ingawa hakuweza kuniona. "Sasa teremka," Sajini akamwambia. "Hata kama hakuna Nairobi. Teremka tu, ukae na mama yako." "Niteremkie nini, baba? Wacha nikae na mahindi." Wakaongea kidogo habari za ghala na dawa ya kutia kwenye magunia, na Sajini akanigeukia akaniuliza dawa ipi ni nzuri, nami nikataja jina lake, naye akalirudia kwenye simu taratibu, herufi kwa herufi, akihakikisha kijana amelisikia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho.

Jumapili zilizofuata simu haikupokewa. Sajini alijiambia ni mtandao. Kisha alijiambia ni betri. Klabu yenyewe ilikufa bila kelele; amri ilitoka silaha zote za raia wa upande wetu zikabidhiwe mpaka hali itulie, Mzee Karanja akaipeleka ile bunduki ndani ya sanduku lake, na akarudi dukani akaniambia nihesabu makopo ya dawa. Hakurudishiwa, na nadhani hakuuliza. Wageni walianza kuingia Kitale kutoka mlimani, akina mama na magodoro, wakilala makanisani. Nilizoea kutazama nyuso za vijana wa kiume kati yao. Sikuwa na picha yake. Sura yake nilikuwa naijua kutoka kwenye picha moja ya kipaimara pale sebuleni kwao, na kwa kicheko cha kwenye simu. Fikiria kumtafuta mtu kwa kicheko.

Uchaguzi wa mwisho wa mwaka ulipokaribia, watu wakasema barabara ya Cheptais inapitika mchana siku za soko. Sajini aliniomba twende wote. Alisema mzee peke yake ataulizwa maswali, mzee na binti yake hawataulizwa. Nilifunga leso kiunoni kama mtu anayekwenda kununua mboga. Soko lilikuwa nusu. Sehemu nyingine zilikuwa na mbao tupu, na waliokuwepo waliuza huku wamesimama. Sajini alimwona mwanamke mmoja aliyekuwa jirani yao, ambaye boma lake lilipakana na lao kwenye mtaro. Alikuwa na viazi mbatata kwenye gunia lililokunjwa mdomo. Nilikuwa nimeshasimuliwa habari zake na Mama Nyongesa: mgumu wa mkono, mtu ambaye ukimwomba kiazi kimoja cha kuongezea anakitazama kwanza kama mtoto wake anayekwenda bweni. Sajini alimsalimu, wakashikana mikono. "Habali ya boma?" "Tupo." "Mmevuna?" "Kidogo." Kisha akauliza, akitazama viazi, "Na kijana wangu, mmemwona?"

Yule mama alichukua mfuko wa sisali uliokuwa mkononi mwa Sajini, akauweka chini, akaanza kuujaza. Alichagua viazi vikubwa, kimoja kimoja, akivifuta udongo kwa kidole gumba. Alijaza mpaka mfuko ukakataa kufunga. Sajini akaingiza mkono mfukoni, na yule mama akaushika ule mkono kwenye kifundo akausukuma urudi. Akasema, "Nenda nazo, Baba Nyongesa. Nenda na hizo." Akageuka, akaanza kupanga upya viazi ambavyo vilikuwa tayari vimepangwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Hatukuuliza mtu mwingine. Tuliteremka na ule mfuko kati yetu, kila mmoja ameshika mkono mmoja, mpaka Bungoma. Mama Nyongesa alikuwa mlangoni anapepeta maharagwe. Aliutazama mfuko, akamtazama mumewe, kisha akautazama mfuko tena. "Mmenunua kwa nani?" Sajini akamtaja yule jirani. "Kwa ngapi?" Sajini akauweka mfuko chini, nikajibu mimi.

"Amekataa pesa, mama," nikasema. "Ametupa tu."

Mama Nyongesa akaweka ungo chini. Akaketi pale pale kwenye kizingiti, kati ya maharagwe, akafungua kitambaa chake cha kichwa kama afanyavyo aliyefiwa, akakikunja vizuri, akakiweka magotini.